Bogenvilia: inua mfuko kabla hujalipa

Malalamiko mnayoniandikia ni yale yale: mche ulinunuliwa kando ya Barabara ya Ngong ukiwa umechanua, ukafika Syokimau, na wiki haijaisha umebaki vijiti vitupu. Mnalaumu maji, mnalaumu mbolea. Mimi nalaumu chini ya mfuko.

Miche ya barabarani hukaa pahali pamoja miezi mingi, mifuko imewekwa juu ya ardhi tupu. Mizizi hutoboa plastiki ikajichimbia chini, na mmea ukanawiri kwa udongo ambao wewe huuziwi. Siku ya kununua muuzaji anaung'oa kwa mkono mmoja, krrr, mizizi inabaki pale pale, nawe unaondoka na majani. Bogenvilia haipendi kabisa kusumbuliwa mizizi. Kwa hivyo inua mfuko mwenyewe. Ukigoma, achana nao. Ukinyanyuka, tazama matundu ya chini: ncha nyembamba nyeupe hazina neno, lakini mzizi wa unene wa penseli uliokatika, hata upunguziwe nusu bei, usichukue.

Rangi nazo zisikuhadae. Ni majani tu yanayozunguka ua dogo jeupe, na hudondoka.

Kati ya aina zake, namba moja kwangu ni ile ya zambarau, iitwayo glabra kitaalamu, na sioni haya kuipendelea. Watu huidharau eti iko kila ua wa nyumba. Iko kila ua kwa sababu haifi ovyo, hata baridi ya Julai huivumilia. Ya pili ni Mary Palmer, waridi na nyeupe kichaka kimoja. Tawi jingine huamua kutoa rangi moja tu na huna la kufanya. Ya tatu ni ya machungwa, inayotaka jua la kutwa. Ile ya "rangi tatu" mara nyingi ni vipandikizi vitatu ndani ya mfuko mmoja, na chenye nguvu humeza wenzake. Vipandikizi vichanga vinavyouzwa kwenye vikombe ni vya mwenye subira.

Kwenye udongo mweusi, panda juu ya tuta. Maji yakituama mizizi huoza. Chana mfuko taratibu, udongo usimwagike.

Na bei! Ukishuka kwenye matatu bei ni moja, ukishuka gari lako ni nyingine, mche ule ule. Ukiuliza aina unaambiwa, "Hiyo ni haibridi, madam." Haibridi, yaani chotara, ya nini na nini? Kimya. Kisha ukigusa mfuko uuinue, yule yule wa kung'oa anakukemea: "Polepole, mama, utaharibu mizizi!"