Kokteli za kizamani Soho: uzoefu wangu

Ukienda, anza na Sherry Cobbler. Nazungumzia baa ndogo ya chini ya ardhi huko Soho, London, ambayo kiangazi hiki imetoa menyu ya vinywaji vya enzi ile wahudumu wa baa wa Marekani walipokuwa watu mashuhuri: tangu Jerry Thomas alipochapisha kitabu chake cha kokteli mwaka 1862 hadi pombe ilipopigwa marufuku kwao mwaka 1920.

Cobbler ni sherry (divai ya Kihispania iliyoongezewa pombe kali), sukari na vipande vya chungwa. Vinatikiswa kwa nguvu mpaka chungwa litoe maji pamoja na harufu ya ganda, kisha vinamiminwa kwenye glasi iliyojazwa barafu ya kupondwa. Bila mrija hakinyweki, barafu itakugonga meno. Kinywaji hiki ndicho kilichowazoesha wengi mrija karne ya 19. Mrija wa baa hii ni wa karatasi, na ulilegea kabla sijafika nusu. Marvin Stone, aliyepata hataza ya mrija wa karatasi mwaka 1888, wa kwake aliupaka nta. Hawa wangemuiga. Lakini utamu wake! Na kwa kuwa sherry haina makali ya wiski, unakunywa mbili mchana wa jua na bado unapanda ngazi vizuri.

Mint Julep, yaani bourbon (wiski ya Marekani) yenye sukari, nanaa na barafu ya kupondwa, iliniudhi. Kikombe cha chuma kinatakiwa kigande ukungu mweupe nje. Changu kilikuja kinatoa jasho tu, barafu ishageuka maji, nanaa imepondwa hadi imekuwa chungu. Nikalalamika, wakanitengenezea nyingine bila ubishi. Hiyo ya pili ilikuwa sawa, ila bourbon ni nyingi mno kwa joto lile.

Daiquiri wameichomeka tu, maana sifa zake ni za Havana, Kuba, baada ya 1920, Wamarekani walipovuka bahari kukimbia marufuku. Siwalaumu. Ramu nyeupe, ndimu iliyokamuliwa hapo hapo, sukari kidogo, baridi kali. Safi kabisa.

Bei ni pauni 14 kwa glasi, na asilimia 12.5 ya huduma inaingizwa kwenye bili bila kuulizwa. Asiyekunywa pombe ameachiwa limau na soda, kwa bei inayokaribia hiyo hiyo, jambo ambalo si haki. Keti kaunta, mezani vinywaji vinachelewa, na barafu haisubiri mtu.