TAHADHARI: fundi "anayesafisha" hita za nyumbani, Reading na Slough

Wadau mlioko Uingereza, hasa huku Reading, Slough na pembeni yake, naomba msome hii kabla baridi haijakaza. Kuna fundi, mwenzetu kabisa, Kiswahili chake safi, anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba anaosha mfumo wa hita za nyumbani kwa mashine ya presha. Jina silitaji kwa sababu malalamiko yangu bado yanashughulikiwa, ila nikieleza anavyofanya mtajua mkikutana naye.

Mwezi wa kumi na moja rejeta (yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto kupasha nyumba) za ghorofa ya chini zilianza kugoma, ukigusa juu moto, ukigusa chini baridi kama jiwe. Hiyo ndo dalili ya tope (ikiwa baridi juu na moto chini hiyo mara nyingi ni hewa tu, unaitoa mwenyewe kwa kile kiufunguo kidogo). Na tope lenyewe halitoki nje, ni kutu, chuma cha rejeta kinaliwa na maji kwa ndani taratibu miaka na miaka, ile kutu nyeusi inashuka inakaa chini, mwisho maji ya moto yanakosa njia. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, anashinda amevaa makoti mawili ndani ya nyumba, kwa hiyo nilikuwa natafuta mtu wa haraka.

Akaja. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, mama kafurahi kupata mtu wa kuongea naye akamwekea chai na chapati. Akazunguka nyumba akaniambia dada hapa tope limejaa, nakufanyia kwa pauni 480, naosha rejeta zote tisa, naweka dawa ya kuzuia kutu na nafunga filta ya sumaku ya kunasa kutu karibu na boila (ile mashine ya gesi inayopasha maji). Ila kadi hapokei, ni keshi au umtumie kwenye akaunti kabla hajaanza. Nikatuma.

Saa moja na nusu kamaliza. Mashine sikuiona, niliona mpira na ndoo, akafungua rejeta mbili akamwaga maji akaniita nione, meusi kama wino, "umeona dada, uchafu wote huo umetoka". Jamani hapo ndo alipotushika wengi. Maji meusi kwenye ndoo hayaonyeshi kwamba mfumo umeoshwa, yanaonyesha tu kwamba ulikuwa mchafu, rejeta yoyote ya zamani ukiifungua yatatoka hayo hayo.

Wiki tatu baadaye rejeta zile zile baridi tena, na sasa boila inanguruma kama birika linalochemka, maana tope lilikuwa limefika kwenye sehemu yake ya kupashia maji. Nampigia, wiki ya kwanza nakuja kesho nakuja kesho, ya pili simu haishikwi, ya tatu kaniblock.

Nikatafuta fundi mwingine, wa Gas Safe (orodha rasmi ya mafundi wa gesi hapa Uingereza), huyu nilimkagua kwanza. Kitu cha kwanza alifungua ile filta. Ndani hamna sumaku! Ni kopo tupu la plastiki limefungwa kwenye bomba, maji yanapita tu. Halafu akachota maji ya mfumo kwenye chupa ya jamu akatumbukiza msumari unaong'aa, chupa nyingine akaweka maji ya bomba la jikoni na msumari wake, akaniambia uziache dirishani siku chache. Misumari yote miwili ilishika kutu sawasawa. Dawa ingekuwepo, ule wa maji ya mfumo ungebaki unang'aa. Dawa hakuweka hata tone.

Huyu wa pili alikaa kutwa nzima, kaingia saa mbili asubuhi katoka jioni. Alileta mashine yenyewe, akawa anafunga rejeta zote anaacha moja, maji yanapigwa yote kupitia hiyo moja huku anaigongagonga kwa nyundo ya mpira tope liachie, mpaka maji yatoke meupe ndo anahamia nyingine. Ile sumaku ya mashine alipoichomoa ilikuwa imevaa uji mweusi mzito kama grisi, nimepiga picha, anayetaka aniombe. Sasa mtu akikwambia amefanya rejeta tisa kwa saa moja na nusu, muulize kafanya saa ngapi.

Jambo lingine linaloniuma ni kwamba yule wa kwanza alifungua boila yangu. Kuosha mabomba peke yake si kazi ya gesi, lakini kugusa sehemu za gesi bila kusajiliwa Gas Safe ni kosa la kisheria hapa, na watu wanakufa kwa ile hewa ya sumu isiyo na harufu. Fundi yeyote muombe kadi yake ya Gas Safe, ina picha na namba, geuza nyuma usome kazi gani anaruhusiwa, kisha ingiza namba kwenye tovuti yao palepale mlangoni. Mwenye kadi halali hakasiriki.

Na malipo: kazi ya zaidi ya pauni 100 ukiilipa kwa kredit kadi, sheria ya mwaka 1974 inakupa haki ya kuidai benki yenyewe kazi ikiharibika. Ndo maana hataki kadi. Wale mliopanga nyumba msitoe hata senti, hita ikiharibika matengenezo ni ya mwenye nyumba.

Nimeshapeleka malalamiko kwa Citizens Advice (shirika la ushauri wa bure), wao ndo wanapeleka Trading Standards (idara inayofuatilia wafanyabiashara wadanganyifu). Kuna dada mwingine ameniambia kafanyiwa vilevile, na anasita kulalamika kwa sababu "ni mtu wetu". Dada yangu, wewe una watoto wadogo kwenye baridi, yeye hakukuonea huruma. Kama na wewe ulimlipa huyu mtu, fungua filta yako au mwambie fundi aifungue, piga picha, tafuta ule muamala wa benki, halafu nitumie ujumbe tupeleke malalamiko pamoja.