Uchambuzi wa «Protection» ya Massive Attack: wimbo wa taratibu usio na sebene

Habari zenu, ndugu watazamaji wa Lubumbashi na wa kwingineko. Makundi ya muziki wa elektroniki wa mwendo wa taratibu yanaendelea kutoa singo mpya zenye roho ya soul, na karibu kila moja hupewa sifa zilezile za ulaini na utulivu. Kabla ya kuzipima hizo mpya, nimeona tukichambue kipimo chenyewe, yaani «Protection» ya Massive Attack, wimbo uliotolewa kama singo mwezi wa Januari 1995, baada ya kufungua albamu ya jina hilohilo mwaka 1994.

Massive Attack ni kundi la Bristol, Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1988 na Robert Del Naja, Grant Marshall na Andrew Vowles, ambao walitoka katika The Wild Bunch, kikosi kilichokuwa kikipiga sahani kwenye sherehe za mji huo. Malezi hayo yanasikika wazi, kwa kuwa kazi yao ilikuwa kuchagua sahani, kukata kipande kinachofaa na kukirudiarudia mpaka kizae kitu ambacho mwenye sahani hakukikusudia.

Sikilizeni gita la wah-wah, yaani lenye sauti inayofunguka na kufungika kama mdomo, linalokwaruza chini ya wimbo huu tangu mwanzo. Limechukuliwa kutoka «The Payback» ya James Brown, ya mwaka 1973, na wimbo ule ni wa kisasi: mwanamume amedhulumiwa naye anaapa kwamba atalipiza. Katika «Protection», gita hilohilo linambeba mwanamke anayeahidi kusimama mbele ya mwenzake na kupokea yeye mwenyewe pigo lililomlenga. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ustadi wa kazi hii ulipo, kwa sababu hasira ya wimbo wa kwanza haikufutwa. Imebaki chini kabisa, imepoozwa, na ndiyo inayotufanya tuamini kwamba mwimbaji anajua ukali wa pigo analolizungumzia. Makundi mengi yaliyofuata yalichukua upole wa juu juu na kuiacha hatari iliyo chini yake, na ndiyo sababu singo nyingi za aina hii zinafaa kuchezwa katika ukumbi wa hoteli tu.

Mwimbaji ni Tracey Thorn wa kundi la Everything but the Girl, naye ndiye aliyeandika maneno. Sauti yake ni ya chini, na haipandi. Masikio yaliyozoea kwaya zetu, ambamo hisia hupimwa kwa nguvu ya kifua, yanaweza kudhani kwamba mama huyu anajizuia, nami nakubali kwamba anajizuia. Lakini anayemlinda mtu hana haja ya kupaza sauti.

Kuna jambo jingine litakalowasumbua wasikilizaji wa hapa. Rumba imetufundisha kusubiri: wimbo huanza polepole, mwimbaji akalia na kubembeleza, na tunamvumilia kwa sababu tunajua sebene inakuja na magita yatatuinua vitini. Hapa sebene haiji. Wimbo unakaribia dakika nane, mapigo yake hayafiki 100 kwa dakika, na mwendo ni uleule hadi mwisho. Anayesubiri mlipuko atachoka dakika ya tatu. Nawashauri mfuate besi badala ya ngoma, kwa kuwa besi ndiyo inayotembea, wakati kinanda kinatandaza sauti ndefu kwa mbali na kuacha nafasi tupu ambazo mtayarishaji mwingine angeona aibu kutozijaza. (Wakatanga tusijifanye wageni wa uchache: mpiga gita wetu Jean Bosco Mwenda alikuwa na gita moja tu aliporekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952, na hakuna aliyedai kwamba kuna kitu kilipungua.)

Kutokana na hilo, msiuhukumu wimbo huu kupitia spika ya simu. Spika ndogo kiasi hicho haiwezi kutoa sauti za chini, kwa hiyo besi inapotea na mnabakiwa na gita linalokwaruza na mwanamke anayenong'ona. Tumieni spika za masikioni, hata za bei nafuu, au bafle ya nyumbani, lakini si kwa kelele. Faili yenye ubora mzuri, ya kilobiti 320 kwa sekunde, itawagharimu takriban mega 19. Ile ya kilobiti 128 ni kama mega 7 na nusu, nayo inatosha kwa mtu anayebana matumizi. Mkikutana na toleo lililofupishwa, liacheni, maana urefu ndio unaofanya ile ahadi isikike kama kitu cha kudumu.

Nina lawama moja. Mwishoni kabisa sauti ya mvua inachukua nafasi ya wimbo, na ingawa inapendeza, inakaa muda mrefu kuliko inavyostahili. Nadhani watayarishaji walipenda hali ya hewa kuliko wimbo. Video iliyoongozwa na Michel Gondry, inayotupitisha katika vyumba vya jengo moja kana kwamba kamera haikukatwa hata mara moja, inautendea muda huo haki zaidi.

Walio na bafle kubwa na majirani wavumilivu waitafute pia «No Protection» ya mwaka 1995, ambamo mtayarishaji Mad Professor aliibomoa albamu hii na kuijenga upya kwa mtindo wa dub, ule uliozaliwa na reggae, unaotanguliza besi na mwangwi. Huko sauti ya Thorn inakuja na kupotea katika mwangwi, na besi inakuwa bwana wa nyumba.