Adapta ya USB-TTL: ipi ununue Kampala

Fundi anayefunga vifaa vya kufuatilia boda boda au vidhibiti vya sola hapa Kampala anaijua hali hii: taa inawaka, data haifiki. Kabla hujang'oa chipu, soma kifaa chenyewe kinasema nini, kwa adapta ya USB-TTL: kipande kidogo kinachounganisha kompyuta na pini za kifaa, ili maandishi yake uyaone kwenye skrini. ESP32, chipu ndogo inayoendesha vifaa vingi vya aina hii, umeme ukishuka huandika "Brownout detector was triggered" na kujiwasha upya, tena na tena. Ukiona mstari huo, achana na kodi ya programu, kamata betri na waya.

Bodi nyingi za kujifunzia huja na adapta ndani yake. Moduli tupu iliyofungwa kwenye kifaa haina, hapo ndipo unanunua ya pembeni. Nimezipanga kwa chipu iliyo ndani, maana rangi ya bodi haikuambii kitu.

Ya kwanza: CP2102 ya Silicon Labs. Naiweka juu kwa ajili ya volti. Pini yake ya TX (ya kutuma) hutoa 3.3V, na RX yake (ya kupokea) inavumilia 5V. Mwanafunzi wa Makerere au Kyambogo anayeshika ESP32 kwa mara ya kwanza anahitaji usalama huo kuliko kasi. Kasi yake ya kutuma data inaishia baudi milioni 1, na kwa kazi nyingi inatosha. Lakini bodi nyingi zenye chipu za Rockchip, ambazo huongea kwa baudi 1500000, zitakuonyesha takataka tupu.

Ya pili: CH340 ya WCH. Kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu, na inafika milioni 2. Kuwa mwangalifu na jampa (kiunganishi kidogo cha kuchagua) ya 3.3V na 5V: kwenye baadhi ya bodi hizi inabadilisha pini ya VCC (ya umeme) tu, huku TX ikibaki na 5V. Usiamini maandishi ya bodi. Chomeka adapta kwenye kompyuta bila kifaa, weka multimita kati ya TX na GND (pini ya ardhi). Laini isiyotuma kitu hukaa juu, kwa hiyo utasoma volti halisi itakayoingia kwenye moduli yako. Ikisoma karibu na 5, usiiunganishe na ESP32.

Wanaotumia Ubuntu 22.04 wana kero nyingine: programu ya brltty, inayohudumia vifaa vya Braille, huinyakua CH340 na /dev/ttyUSB0, jina ambalo adapta huonekana nalo kwenye Linux, inatoweka. Kama huna kifaa cha Braille, iondoe brltty.

Ya tatu: FT232RL ya FTDI. Kwa ubora ingekuwa ya kwanza, inafika milioni 3. Inashuka kwa sababu ya bandia. Mwaka 2014 draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia chipu) ya FTDI iliyoletwa na Windows Update iliandika namba ya utambulisho ya chipu bandia kuwa sifuri, na kompyuta zikaacha kuzitambua. Ukiuziwa FT232RL kwa bei ya CH340, shuku. Inunue kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Usichukue: chipu za PL2303 za zamani, za Prolific. Draiva mpya za Prolific kwenye Windows huzikataa, na mteja wako hatakuelewa ukianza kumweleza.

Na waya wa buluu wa konsoli wa Cisco, au wa DB9 (plagi ya pini tisa), si mbadala. Hizo ni RS-232, aina nyingine ya mawasiliano ya seriali, zenye volti chanya na hasi zinazoweza kupita 10. Kwa ruta ni sawa kabisa. Kwenye pini ya 3.3V zinaua.

Kuunganisha ni waya tatu: GND kwa GND, TX kwa RX, RX kwa TX. Kifaa kikiwa na umeme wake, VCC usiiguse. Anza na kasi ya baudi 115200. Maandishi ya mwanzo ya ESP8266, chipu iliyotangulia ESP32, yakija yamevurugika, jaribu 74880. Umeme ukikatika na laptopu imezima, simu ya Android yenye OTG (inayoweza kuunganishwa na vifaa vya USB) pamoja na programu ya terminali ya seriali inafanya kazi ileile.

Ukiwa bado dukani, omba waya mmoja wa jampa, unganisha TX na RX za adapta yenyewe, fungua PuTTY, programu ya terminali, na uandike herufi chache. Zikirudi kwenye skrini, lipa. Zisiporudi, omba nyingine palepale.