Mwaka na Nusu na Bwana wa Kilindini: Uzoefu Wangu na Mchawi wa Fathomless

Nilipofungua mara ya kwanza ukurasa wa Fathomless, bwana wa vilindi katika mchezo wa Dungeons & Dragons, kabla sijasoma kanuni hata moja, nilisimama kwenye jina. Nikalitafutia Kiswahili, kikaja chenyewe: asiyepimika. Kwetu pwani kina cha maji kilihesabiwa kwa pima, urefu wa mikono miwili ukiinyoosha, na nahodha aliyeingia maji asiyoyajua alitia bildi kwanza, kamba yenye kipande cha risasi cha kupimia kina. Bwana huyu ukimtilia bildi, kamba inakwisha mkononi na risasi haijagusa mchanga. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mji wenye bandari iitwayo Kilindini, kwa hiyo mezani petu jina la Kiingereza halikumaliza usiku mmoja. Tunamwita Bwana wa Kilindini.

Kwa asiyeujua mchezo huu, unaochezwa mezani kwa hadithi na madadu: katika Dungeons & Dragons kuna mchawi aitwaye warlock, ambaye hakuzaliwa na uchawi wala hakuusomea. Amefunga agano na nguvu fulani, ikampa. Fathomless ni agano la kufungwa na kiumbe wa vilindi, kama krakeni, dubwana la baharini la hadithi, au kitu kikongwe, na kanuni zake zimo katika kitabu Tasha's Cauldron of Everything cha mwaka 2020. Nimemcheza mchawi huyu kila Jumamosi kwa mwaka na nusu, tukiwa wachezaji wanne na msimulizi anayeongoza kisa, kuanzia ngazi ya 1 hadi ya 7 tuliyopo sasa. Mhusika wangu ni mpiga mbizi wa lulu. Pumzi ilimwishia chini, na kitu kikamshika mkono.

Nianze na mnyiri, yaani mkono kama wa pweza, maana ndio uliofanya nibaki naye. Tangu ngazi ya 1, kwa tendo la ziada, lile dogo linaloruhusiwa pamoja na tendo kuu la zamu, unaita mnyiri wenye urefu wa futi 10, unachomoza mahali popote unapopaona ndani ya futi 60. Hauhitaji maji, umeshatoka kwenye sakafu ya ghala na kwenye paa la msikiti wa magofu. Unadumu dakika 1. Ukimpata adui unamuumiza kwa dadu 1 la pande 8, madhara ya baridi, na mwendo wake unapungua futi 10 hadi zamu yako ijayo. Zamu zinazofuata unausogeza hadi futi 30 na kupiga tena. Futi 10 zinasikika kidogo mpaka uone jitu lenye mwendo wa futi 30 likiishia hatua mbili mbele ya mwenzako, shoka mkononi, zamu yake imekwisha.

Na hauli nafasi ya uchawi, yaani akiba ya kutolea uchawi mkubwa. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu mchawi wa agano ana nafasi 2 tu kuanzia ngazi ya 2 hadi ya 10, ingawa zinarudi baada ya mapumziko mafupi. Wenzangu wa aina nyingine za agano mara nyingi humaliza nafasi zao kisha wakabaki na kombora lilelile kila zamu. Mimi nina mnyiri wa kufikiria: uende wapi, umzuie nani.

Katika ngazi ya 6 mnyiri huo unageuka ngao. Mtu akiumizwa ndani ya futi 10 za mnyiri, nawe unamwona, unaweza kujibu papo hapo na kupunguza madhara kwa dadu 1 la pande 8. Usiku tulioipata tulikuwa ndani ya ngome iliyofurika, tukipigana na sahuagini, watu-samaki wakali wa baharini. Ndani ya maji, anayepiga kwa rungu bila kuwa na mwendo wa kuogelea hutupa madadu mawili na kuchukua lile dogo, basi kasisi wetu alikuwa anakosa tu, zamu baada ya zamu. Alibaki na pointi 9 za uhai. Kiongozi wao akamchoma mkuki wa meno matatu, msimulizi akatangaza madhara 11. Nikasema, mnyiri upo karibu naye, najibu. Dadu langu la kijani lilizunguka, likagonga kikombe cha kahawa, likatulia kwenye 6. Kasisi akabaki na 4. Anayemcheza hakusema kitu. Alinishika bega tu, akaendelea na zamu yake.

Huko chini ndiko mchawi huyu anakuwa mwenyeji. Anapumua majini, anaogelea futi 40, na tangu ngazi hiyo ya 6 kila kiumbe aliyezama pamoja naye wanaelewana maneno, lugha iwe yoyote. Tulimhoji mateka wa kisahuagini bila mkalimani, na yule msahuagini aliogopa kusikia sauti yangu imekuja kwake kwa lugha ya kwao.

Kasoro zipo, na ni vizuri ukazijua kabla. Madhara ya baridi yanapungua au kufutika kabisa kwa maadui wengi, wakiwemo mashetani na baadhi ya wafu. Mnyiri unaitwa mara chache: mara 2 mwanzoni, mara 3 kuanzia ngazi ya 5, na idadi hiyo hairudi mpaka mapumziko marefu, yale ya kulala. Kama umezoea uchawi wa laana uitwao Hex, kumbuka nao unadai tendo la ziada, kwa hiyo zamu ya kwanza utachagua kimoja. Na kama kisa chenu kiko jangwani, nusu ya zawadi zako zitalala. Zungumza na msimulizi kabla hujamchagua. Sisi tulianza na Ghosts of Saltmarsh, mkusanyo wa visa vya baharini wa mwaka 2019, na hapo kila kitu kilipata kazi. Wanaotumia kanuni mpya za mwaka 2024 wajue agano linachaguliwa ngazi ya 3, na hili halimo kati ya manne yaliyochapishwa katika kitabu kipya cha wachezaji. Itabidi mchukue la zamani, na zawadi za mwanzo zisubiri ngazi hiyo.

Lakini kinachonifanya niandike si hesabu. Kuhusu bwana mwenyewe kitabu kinasema machache mno. Kinauliza kama anakutumia kuijua nchi kavu, au anataka umfungulie milango aizamishe dunia, kinataja mifano michache, kisha kinaingia kwenye kanuni. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na wengi hawayafiki: bwana anabaki jina kwenye karatasi ya mhusika. Msimulizi wetu alilichukua lile swali la kwanza akalifanya sharti la agano. Kila mapumziko marefu, mhusika wangu akilala, bwana anauliza jambo moja kuhusu nchi kavu, nami lazima nijibu kweli.

Aliuliza vumbi ni nini. Aliuliza kwa nini tunawafukia wafu badala ya kuwaachia mkondo. Usiku mmoja akauliza: "Kiu ni nini?" Nililifurahia swali lile. Nilieleza midomo inavyopasuka, ulimi unavyonenepa, mtu anavyoota kisima. Msimulizi aliandika kila neno.

Baada ya vikao vitatu tulirudi mjini tukakuta wanawake wamesimama na ndoo kisimani, hakuna anayechota. Visima vyote vilikuwa vimeingia chumvi. Mzee mmoja, midomo imepasuka, alituambia ulimi wake umenenepa, na nikayatambua maneno yangu. Nilikaa kimya mezani kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo nakwepa mapumziko marefu mpaka wenzangu wananisihi, na mnyiri nauita nikijua naukopa kwa nani.

Jumamosi iliyopita, baada ya ile ngome, hatukuwa na budi kulala. Msimulizi akashusha sauti, akauliza: "Yule uliyemkinga kwa mkono wangu, ni nani wako?" Kasisi wetu aliinua macho kutoka kwenye karatasi yake. Kikao kikaishia hapo. Jibu bado sijatoa.