Kuanzisha podikasti yako au kualikwa kwenye ya wengine

Mfanyabiashara wa Kisumu anayeuza vitanda Kibuye au samaki wa Dunga ana njia mbili za kusikika kupitia podikasti, yaani vipindi vya sauti vinavyosikilizwa mtandaoni.

Ya kwanza ni kuwa mgeni kwenye podikasti ya mtu mwingine. Gharama yake haizidi maandalizi na saa moja ya mazungumzo, na wasikilizaji wamekwisha kukusanywa na mwenyeji. Hata hivyo, maswali ni yake, uhariri ni wake, na akikifuta kipindi huna la kufanya.

Podikasti yako ni shamba lako mwenyewe: unachagua kuzungumza Kiswahili au Dholuo, na vipindi vya zamani huendelea kusikilizwa kupitia Spotify au Apple Podcasts. Lakini inadai kazi isiyokoma. Niliwahi kurekodi katika duka lenye paa la mabati karibu na Barabara ya Oginga Odinga. Mvua ya alasiri ilipoanza, sauti ya mgeni wangu ilimezwa yote, nasi tukarudia kesho yake asubuhi, mablanketi yakiwa yametundikwa ukutani ili kupunguza mwangwi.

Kwa anayeanza, naona aalikwe kwanza mara tano au sita, kila mara akitaja jina la biashara lililo rahisi kutafutwa mtandaoni, ndipo aanzishe podikasti yake akiwa na watu wanaoingojea.