Miezi saba na mashine ya hewa ya kulalia

Mimi nilijiona mtu wa usingizi mzuri. Nikiweka kichwa kwenye mto dakika tano haziishi, na mke wangu anasema nakoroma mpaka mabati yanaitikia. Kwetu mtu akikoroma watu husema anafaidi. Basi nilikuwa nafaidi hivyo hivyo, mchana nasinzia dukani Kariakoo nimeshika kalkuleta na mteja amesimama mbele yangu anasubiri chenji. Usiku naamka mara nne kwenda kukojoa. Nikapima sukari, hakuna. Tezi dume, salama. Presha ndiyo ilikuwa 160 kwa 100, na nilikuwa nameza dawa aina tatu.

Mama alipokuja kutoka Tanga akanisikia usiku nimenyamaza ghafla, kisha nikashtuka kama mtu aliyeopolewa majini. Asubuhi akasema, "Mwanangu, wewe unakabwa na jinamizi." Mke wangu akanirekodi kwa simu. Koroma, koroma, halafu kimya. Nilihesabu mpaka 25 ndipo nikajisikia nikivuta pumzi.

Daktari wa presha niliyempelekea ile sauti hakucheka. Nilipewa kifaa cha kulala nacho nyumbani usiku mmoja: mkanda kifuani, kidude kidoleni, kimpira puani. Majibu: pumzi ilikuwa inakatika au kupungua mara 34 kwa saa. Ugonjwa huu wa pumzi kukatika usingizini unaitwa sleep apnea, na ikifika 30 wanahesabu ni mkali. Alivyonieleza, ukilala misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, na ubongo unakuamsha kidogo tu, kiasi kwamba asubuhi hukumbuki kitu. Moyo ndio unaokumbuka. Presha na ule mkojo wa usiku navyo vilikuwa vinachangiwa na huko huko.

Akaniandikia mashine ya CPAP. Bima ikakataa, nikatoa mfukoni milioni mbili na ushee. Watu huniuliza kama ni oksijeni. Jirani mmoja aliniona nayo akadhani niko mahututi. Siyo. Inavuta hewa hii hii ya chumbani na kuisukuma kooni kwa nguvu ya kutosha kuzuia njia isizibe. Haina sauti kubwa, feni yetu inapiga kelele kuishinda.

Wiki tatu za kwanza nilitaka kuirudisha. Muuzaji alinipa barakoa kubwa ya pua na mdomo bila hata kunipima uso. Upepo ukawa unanipuliza machoni usiku kucha, naamka yamevimba. Nikabadilisha, nikachukua ndogo ya puani tu. Hiyo nayo ikawa nikiachama hewa inatokea mdomoni, ulimi unakauka kama kisigino, mpaka nikazoea kulala ubavu. Ushauri wangu kwa anayetaka kununua: jaribu barakoa ukiwa umelala dukani hapo hapo, hata wakikushangaa. Mashine nzuri yenye barakoa mbaya ni hela umetupa.

Kuna kitangi cha maji cha kulainisha hewa. Mimi kwa uvivu nikatia maji ya kisima chetu cha Tabata, ambayo kila mtu anajua yana chumvi. Baada ya mwezi sahani ya chini ikashika ukoko mweupe kama wa birika, nikausugua kwa siki. Inatakiwa maji yaliyokenekwa (distilled), yasiyo na chumvi. Siku hizi nakiacha kikavu, joto la Dar lina unyevu wa kutosha. Natia maji tukiwasha kiyoyozi tu. Mpira wa hewa unapita chini ya neti, na mtoto wangu wa mwisho ananiita rubani.

Umeme ukikatika saa nane usiku unaamka barakoa imekuganda usoni na upepo hakuna. Hewa huwezi kukosa, ina matundu, lakini roho inaruka. Nimenunua betri na inveta, gharama nyingine ambayo hakuna aliyeniambia kabla.

Je, imenisaidia? Kukojoa, mara moja, usiku mwingine hata hiyo sina. Dukani sisinzii. Ndoto zimerudi, nilikuwa nimesahau kama nilikuwa naota. Presha sasa inacheza kwenye 138, dawa zimebaki mbili. Daktari ameonya nisidhani ni kazi ya mashine peke yake, na kitambi changu bado kipo na anakitazama kila nikienda.

Mwezi uliopita nilikwenda msibani Tanga nikaiacha nyumbani, naona haya kulala nayo kwenye mkeka katikati ya wanaume ishirini. Usiku wa pili kichwa kinagonga, nimekaa macho. Pembeni binamu yangu, dereva wa lori, anakoroma vizuri kabisa na watu wanamtania kwamba huyu anafaidi. Akanyamaza. Nikaanza kuhesabu. Nilifika 31.